Herufi Moja Mwishoni mwa "Loathe"

Mwezi uliopita, nilipokwenda ofisini kukabidhi kitambulisho changu cha ukalimani, binti aliyekipokea alinipa bahasha yenye karatasi kumi nyeupe. Akasema vijana wanaoanza kazi wangependa niwaandikie yale niliyoyaona. Nikamwuliza kama karatasi kumi ndicho kipimo cha miaka yangu yote ofisini humo. Akacheka, akasema hapana, ndizo zilizokuwa zimebaki kwenye mashine. Basi nitajitahidi zitoshe.

Habari za vyeo mtanisamehe, sina. Mkalimani anaanza akiwa mkalimani na anamaliza akiwa mkalimani mwenye maumivu ya mgongo. Nitaandika zaidi kuhusu neno moja la Kiingereza, "loathe", kwa sababu neno hilo ndilo lililonifundisha kazi, na kwa sababu nusura limnyime mama mmoja mtoto wake. Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema ili msisome huku mkimtafuta mtu mwingine wa kumlaumu.

Mimi ni Agatha, mzaliwa wa Songea. Kabla ya kuja Brussels nilikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kwa miaka tisa. Nilimfuata mume wangu, dereva wa ubalozi, na kwa miezi minane nilikaa nyumbani nikitazama mvua. Kisha jirani akaniambia kuna ofisi ya ukalimani wanatafuta watu wenye Kiswahili. Kifaransa changu wakati huo kilikuwa cha kununulia vitunguu, lakini wakaniambia kuna mawakili na maofisa wa wakimbizi wanaoweza kufanya kazi kwa Kiingereza. Nikafanya mtihani, nikafaulu, nikajiona nimefika.

Siku ya kwanza walinipeleka kwa wakili mmoja karibu na stesheni ya Gare du Midi. Mteja alikuwa kijana wa Bukavu. Nilikuwa na imani kwamba Kiswahili ni Kiswahili. Kijana akaanza kueleza usiku ule kijiji chao kilipovamiwa, akasema, "Nilimukamata mutoto wa dada yangu, nikakimbia naye mu pori." Mimi, kwa sauti ya darasani, nikamwambia wakili kwamba mteja wake alimtia nguvuni mtoto wa dada yake na kukimbia naye porini. Wakili aliacha kuandika. Aliuliza kama mteja wake alikuwa askari. Kijana akaniangalia mimi, akamwangalia wakili, akasema, "Non, non, madame, nilimubeba tu! Mu mikono!" Akaonyesha kwa mikono yake miwili namna mtu anavyombeba mtoto. Nikasahihisha. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Nilipotoka nilimkuta kwenye korido mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu, ameketi anasubiri zamu yake. Alikuwa papa Célestin, kama Wakongo wanavyomwita mtu mzima, mwenyeji wa Lubumbashi, mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili kwa miaka mingi. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu milango ya ofisi zile ni ya karatasi.

"Maman Agatha," akasema, "kule kwetu kukamata haiko kufunga muntu. Ni kushika, ni kubeba. Ukisikia bantu banasema nilimukamata mutoto, usitume polisi, hein."

Nikamwambia kwetu Tanzania anayekamatwa analala ndani.

"Bon. Donc kuanzia leo weye unakuwa na Swahili mbili. Ya kwenu ya kwenda kanisani, na ya kwetu ya kula ugali."

Alinifundisha kwa miaka sita, bila kuombwa na bila kusifu. Yeye ndiye aliyeniambia nitumie penseli, kwa sababu kalamu ya wino hukauka mteja anapofika kwenye "lakini". Ndiye aliyenifundisha kuchora mstari katikati ya ukurasa, majina na tarehe kushoto, mambo mengine kulia. Ndiye aliyeniambia nisile kitunguu saumu siku ya kazi, na nisipokee hata kikombe cha chai kutoka kwa mteja koridoni, maana chai hiyo itaandikwa kwenye malalamiko ya upande wa pili. Na sheria yake kubwa ilikuwa hii: kikao kikiisha, chana kurasa zako kabla hujavaa koti. Maneno ya watu si mali yako. Nimeshika sheria hiyo hadi mwisho, ingawa kuna siku moja niliijutia, kama mtakavyoona.

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Kiswahili hakina pupa katika mambo ya chuki. Tuna neno moja, kuchukia, nalo tunalifanyisha kazi zote. Basi likichelewa dakika kumi, mtu anasema amechukia, maana yake ameudhika tu. Akikuambia anamchukia fulani, hapo kuna mtu anayelengwa, na mambo ni mazito kidogo. Yakizidi, hatutafuti neno jipya, tunaongeza maelezo. Tunasema hawapikiki chungu kimoja. Tunasema hataki hata kulisikia jina lake. Waingereza wao wana ngazi nzima ya maneno, na wanapanda na kushuka wapendavyo. "Hate" wanaitumia hata kwa kabichi. "Loathe" iko juu zaidi, na ina tumbo ndani yake: ni chuki iliyochanganyika na kinyaa, ile ya kumwona mtu ukasikia kichefuchefu. Hulitumii kwa adui unayemheshimu. Unalitumia kwa kitu ambacho ungenawa mikono baada ya kukigusa.

Karibu nalo, mlango wa pili, anakaa ndugu yake asiye na hatia: "loath", bila ile e ya mwisho. Huyu hana chuki hata kidogo. Mtu aliye "loath" kufanya jambo anasita tu, roho yake inakuwa nzito. Hutamkwa tofauti, na sisi Waswahili tumebahatika kuwa na herufi zote mbili: "loath" inaishia na th ya thelathini, "loathe" inaishia na dh ya dhahabu. Nilipokuwa mwalimu niliwaandikisha wanafunzi wangu mistari juu ya tofauti hiyo mpaka wakanichukia, kwa maana ya basi lililochelewa.

Nililipatia "loathe" nafasi katika mwaka wangu wa pili. Mteja, mtu mzima wa Uvira, alikuwa anaeleza kuhusu jirani aliyewaonyesha watu wenye silaha nyumba yake. Aliulizwa kama bado ana chuki na jirani huyo. Akasema, "Nikisikia jina yake, matumbo inageuka. Hata sasa vile nalisema, mate inabadilika mu kinywa." Nikasema, "I loathe him." Maneno matatu. Ofisa, ambaye kwao ni Ireland, aliinua macho na mwishoni mwa kikao akaniambia hajawahi kusikia ukalimani ulionyooka namna ile. Nilirudi nyumbani kwa tramu nikitabasamu peke yangu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuchagua maneno mazuri. Papa Célestin aliponisikia nikijisifu alisema tu, "Attention, maman," yaani nijihadhari, akaendelea kunywa kahawa yake.

Mwaka wa nne nikaitwa kwa ajili ya maman Riziki.

Alikuwa mwanamke wa Kivu, wa miaka thelathini hivi, aliyekuja Ubelgiji na binti yake Asifiwe. Muda mfupi baada ya kupata karatasi zake aligundulika ana kifua kikuu. Alilazwa wiki nyingi katika hospitali kubwa kule Woluwe, na kwa kuwa hakuwa na ndugu hapa, mtoto wa miaka minne na nusu akapelekwa kwenye familia moja ya mtaa wa Uccle imlee kwa muda. Sasa mama alikuwa ametoka hospitali, na ofisi ya mambo ya watoto ilitaka kujua kama mtoto arudi, na lini. Kazi ile ilikuwa ya papa Célestin, lakini aliikataa. "Mimi siwezi, tunasali pamoja naye," aliniambia. Tena Riziki mwenyewe alikuwa ameomba asiletewe Mkongo. Kifua kikuu kilikuwa kimeshamtosha. Hakutaka kukisikia tena kanisani kikitajwa kwenye maombi ya hadhara.

Ofisa aliitwa madame Isabelle, mwanamke mpole mwenye mafaili mengi kuliko meza. Alikuwa amesoma mwaka mmoja ng'ambo na Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha, basi tukakubaliana tutumie hicho. Tukawa watu watatu katika chumba kimoja: mmoja anasema Kiswahili cha Kivu, mmoja anaandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kifaransa, na katikati mwalimu wa Songea anayependa maneno mazuri.

Madame Isabelle aliuliza: siku mtoto alipoletwa hospitali kumwona, mwishoni mwa matibabu, wauguzi waliandika kwamba mama hakumpokea mikononi. Kwa nini?

Riziki aliangalia mikono yake. "Docteur alisema nimepona," akasema. "Mais nilikuwa nasita kumukamata mutoto, juu..."

Hapo alivuta pumzi. Mimi nikaiona nafasi, nikaingia. Kukamata sikukosea safari hii. Neno kusita nikalipa vazi la sikukuu. Nikasema, "The doctor said I was cured. But I was loath to hold the child." Na th yangu ya thelathini ilikuwa safi kabisa.

Madame Isabelle aliinua mkono kuomba nafasi ya kuandika. Aliandika polepole. Kisha simu ya mezani ikalia, akaipokea, akaongea kidogo, akaiweka, akauliza swali jingine kuhusu nyumba na kazi. Riziki akajibu lile swali jingine. Ile "juu" yake, ambayo kwao maana yake ni "kwa sababu", ikabaki hewani bila kumaliziwa. Mimi niliisikia. Kwenye ukurasa wangu niliandika "juu" na nukta tatu. Ningeweza kusema: mkalimani anaona jibu halikukamilika. Nilijiambia si kazi yangu kuendesha kikao. Kilipoisha nikachana kurasa, nikavaa koti.

Miezi kumi na minne ikapita bila mimi kuitwa tena kwenye faili lile. Nilisoma Kifaransa jioni, nikafanya mtihani wake, nikafaulu kwa mbinde. Nilijua kutoka kwa papa Célestin kwamba mtoto bado yuko Uccle, maana alisema kanisani wanamwombea mama mmoja arudishiwe mtoto, bila kumtaja. Nilishangaa kidogo kwamba jambo linachukua muda hivyo. Ofisi za hapa zinachukua muda, nikajisemea.

Kisha nikaitwa. Ripoti ya mwisho ilikuwa inakwenda kwa jaji, na sheria inataka mzazi asomewe kwanza katika lugha anayoielewa. Ripoti ilipendekeza mtoto abaki Uccle, na mama awe anamwona mara moja kwa mwezi mbele ya msimamizi. Madame Isabelle alisoma kwa Kifaransa, mimi nikamtafsiria Riziki kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Alisikiliza akiwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili. Alikuwa amenenepa kidogo, amepona vizuri.

Tulipofika ukurasa wa pili, madame Isabelle akasoma kwamba mama, kwa maneno yake mwenyewe, alieleza kuwa alisikia kinyaa kumshika mtoto wake.

Dégoût. Ndilo neno aliloandika. Sikuwa na njia ya kulikwepa. Kwa lugha yangu safi nikamwambia Riziki: "Mama alisema aliona kinyaa kumshika mtoto wake."

Riziki hakumwangalia madame Isabelle. Aliniangalia mimi.

"Nani alisema vile?"

Nikatafsiri swali. Madame Isabelle alisema, kwa upole wake ule ule, kwamba ni yeye mama aliyesema, na kwamba ofisi haimhukumu, ugonjwa huwaletea watu hisia nyingi. Akafungua faili, akanigeuzia daftari lake la kikao cha kwanza ili nimsomee mama mstari wenyewe. Mwandiko ulikuwa mzuri. "I loathed to hold the child." Ameondoa "was", ameongeza e, ameongeza d, kama mtu anayemfungia mwenzake vifungo vya koti.

Masikio yake hayakuwa na hatia. Kifaransa hakina th wala dh. Kwake yeye ndugu wale wawili walikuwa mtu mmoja, na katika wawili hao alimjua yule maarufu zaidi. Ningesema "I was afraid". Ningesema "I hesitated", ambalo ni karibu Kifaransa kitupu. Mtoto wa darasa la tano angesema hivyo. Mimi nilichukua neno ambalo nililipenda mimi, nikalitumbukiza katika maisha ya mtu mwingine.

"Maman," Riziki akaniambia, sauti imeshuka, "weye ulikuwa hapa. Ni mimi nilisema vile? Asifiwe? Mutoto yangu mwenyewe, nimuone kinyaa?"

Mkalimani hajibu maswali kwa niaba yake mwenyewe. Mnafundishwa hivyo, na ni sawa. Lakini kuna sentensi moja tumeruhusiwa, na wengi wenu mtamaliza miaka bila kuitumia. Niliisema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili: "Mkalimani anaomba kusahihisha kosa lake."

Nikaeleza. Nilieleza maneno mawili, th na dh, kinyaa na kusita. Nikaeleza "juu" iliyobaki hewani. Madame Isabelle alipauka. Aliuliza kama bado nina kurasa zangu za siku ile. Nikasema nilizichana, ndiyo taratibu. Basi kulikuwa na daftari lake upande mmoja na kumbukumbu yangu upande wa pili, na kumbukumbu ya mkalimani aliyekiri kosa haina uzito mkubwa. Akauliza, kupitia kwangu, mama alikuwa anataka kusema nini baada ya "juu".

Riziki akasema, "Juu nilikuwa nakohoa bado. Docteur anasema niko muzima, mais kifua ilikuwa inakohoa. Nilisema nikimubeba, nitamupa magonjwa. Nilikaa na mikono nyuma. Nilikalia mikono, madame. Nilikalia!" Na akazikalia tena pale pale, kutuonyesha.

Nikatafsiri.

Kisha akanigeukia. "Nimechukia, maman. Nimechukia kabisa."

Na hilo nalo lilipaswa kutafsiriwa. Nikasema kwa Kifaransa, kwa nafsi yake: nimekasirika, nimekasirika kabisa. Madame Isabelle akauliza amemkasirikia nani. Nikampelekea Riziki swali, akanielekezea kidevu, nami nikajibu kwa usahihi wote: mkalimani. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikuruhusiwa kusema hivyo kwa sababu zamu yangu ya kusema ilikuwa imekwisha.

Niliandika maelezo ya kurasa mbili, nikatia sahihi. Ofisi iliomba maoni ya mtaalamu wa lugha, naye akathibitisha kwamba maneno hayo mawili yapo na yanachanganywa hata na Waingereza wenyewe. Wauguzi wa Woluwe waliulizwa upya. Mmoja akakumbuka mama aliyekalia mikono yake. Nami niliondolewa kwenye orodha ya ofisi ile kwa muda, jambo ambalo sikulipinga. Nilikwenda kumweleza papa Célestin. Nilitegemea anifariji, maana hata mwalimu hutaka kubembelezwa mara moja moja.

Aliuliza, "Ile neno, mama alihitaji iwe nzuri?"

"Hapana."

"Nani alihitaji?"

Nikashika kikombe changu.

"Voilà. Kunywa kahawa, inapoa."

Miezi mitano baadaye jaji aliamua mtoto arudi kwa mama yake. Lakini arudi polepole: kwanza saa moja kila Jumatano, katika chumba cha ofisi, kisha siku nzima, kisha wikiendi. Asifiwe alikuwa amekaa Uccle mwaka mmoja na nusu na zaidi. Watu wa kule walikuwa wema kwake, hilo liandikwe. Ila walizungumza naye Kifaransa asubuhi hadi jioni, na mtoto wa umri ule hupoteza lugha haraka. Madame Isabelle alinipigia simu mwenyewe. Alisema mama na mtoto watahitaji mkalimani.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamkumbusha kwamba nimeondolewa kwenye orodha.

Akasema anajua, lakini mama amekataa mwingine yeyote. Ameulizwa sababu, akasema, "Mimi namutaka ule wa Tanzania. Sasa atafanya attention."

Chumba kilikuwa na zulia la rangi, wanasesere, na saa kubwa ya ukutani. Riziki alifika nusu saa mapema, amevaa kitenge kipya. Alinisalimia, "Bonjour, maman," basi, hakuongeza. Nikakaa mahali nilipozoea, kando, katikati ya viti viwili. Madame Isabelle alibaki mlangoni. Mtoto akaingia na mwanamke wa Uccle, ambaye alimvua koti, akambusu, akatoka.

Asifiwe alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, jino moja la mbele halipo. Alisimama kwenye zulia.

"Asifiwe," Riziki akasema. "Kuya."

Mtoto hakusogea. Akaniuliza mimi, "Elle dit quoi?" Anasema nini.

"Viens," nikasema. Njoo.

Akaja. Akaja kwangu.

Riziki akaona, akaendelea kusema kwa sababu alikuwa amejiandaa wiki nzima. "Mimi ni mama yako. Nakupenda. Kila siku nilikuwa nakuwaza." Nami nikasema kwa Kifaransa, kwa nafsi ya kwanza kama tunavyofundishwa wote: mimi ni mama yako, nakupenda, kila siku nilikuwa nakuwaza. Mtoto alikuwa ananiangalia mdomo. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, akauliza polepole:

"C'est toi?"

Ni wewe?

Riziki hakuhitaji tafsiri ya maneno yale mawili. Niliyaona yakimfikia.

Hakuna kitabu cha kazi yetu kilichoniambia nifanye nini, kwa hiyo nawaambia ninyi. Nilisimama, nikasema mkalimani anaomba kuhama, nikabeba kiti changu nikakiweka nyuma ya mtoto, karibu na ukuta. Asifiwe aligeuka kunifuata kwa macho. Nikatazama chini. Riziki akasema, "Asifiwe, niangalie mimi," na kutoka nyuma, kwa sauti ndogo kabisa, nikasema, "Regarde-moi." Akageuka akamtazama mama yake. Kuanzia hapo sauti ilitoka nyuma na uso ukawa mbele, na baada ya dakika chache mtoto aliacha kuuliza sauti ni ya nani. Mkifanya kazi na watoto, kaeni nyuma yao. Chagueni pia maneno madogo kuliko yote mliyonayo.

Waliongea kuhusu jino. Waliongea kuhusu mbwa wa Uccle. Mtoto alikuwa anajibu akichezea kifungo cha sweta yake. Halafu, bila kuinua kichwa, akamwuliza mama yake kwa Kifaransa swali ambalo pengine alikuwa amelibeba muda wote ule: kwa nini kule hospitali hakutaka kumbeba.

"Kwa nini kule hospitali hukutaka kunibeba?" nikasema.

Riziki akajibu bila kusita. "Nilikuwa nataka. Niliogopa utagonjwa."

"Je voulais. J'avais peur que tu tombes malade."

Mtoto alifikiri. Kutoka nilipokaa nilikuwa naona kisogo chake tu, na nywele alizofungwa mafundo mawili yasiyolingana. Kisha akasema, "Et maintenant?"

Nikafungua mdomo kusema, "Na sasa?" Lakini Riziki alikuwa ameshashuka kwenye kiti, ameshapiga magoti kwenye zulia, na mtoto ameshaingia mikononi mwake, kwa hiyo maneno yangu yalifika yakiwa yamechelewa na hakuna aliyeyasikia. Katika miaka yote ile ofisini nilichelewa mara nyingi, na kila mara niliona aibu. Mara hiyo moja nilifurahi.